Béla Bartók: Mtunzi aliyejifunza kwa majirani, akafia ugenini

Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikielekea ukingoni na Ulaya ya kati ikiwa hoi kwa njaa, mwalimu mmoja wa piano aliyekuwa akiishi nje kidogo ya mji wa Budapest aliandika vipande vitatu vya muziki ambavyo hadi leo wapiga piano wengi wanaviogopa. Vyote vitatu kwa pamoja havifiki dakika kumi. Aliviita kwa jina la kawaida kabisa, Mazoezi Matatu, na katika orodha ya kazi zake vikapewa nambari 18. Mwalimu huyo ni Béla Bartók wa Hungary, ambaye leo anahesabiwa miongoni mwa watunzi wakubwa wa muziki wa karne ya 20.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wakauliza: sisi Waswahili yanatuhusu nini mambo ya piano na ya Wahungari? Swali hilo ni la haki. Jibu letu ni kwamba Bartók alikuwa mmoja wa Wazungu wachache wa zama zake waliofunga safari kwenda kwenye vijiji vya Waarabu kusikiliza na kujifunza, na kwamba alipata tabu kwao kwa kuthamini nyimbo za jirani sawa na nyimbo za taifa lake. Kisha akaihama nchi yake, akafia mbali. Kwa sisi tunaoandika haya tukiwa Muscat, mji uliojaa watu wenye makwao mawili, na wengine wasio na hata moja pa kurejea, maisha ya aina hiyo hayahitaji mkalimani.

Bartók alizaliwa tarehe 25 Machi 1881 katika mji mdogo wa Nagyszentmiklós. Wakati huo mji huo ulikuwa ndani ya ufalme wa Hungary. Leo uko Romania na unaitwa Sânnicolau Mare. Baba yake, mkuu wa skuli ya kilimo, alifariki mwaka 1888, mtoto akiwa na miaka saba. Mama yake, Bi Paula, ndiye aliyemfundisha piano, na ndiye aliyehama naye mji hadi mji akifuata kazi ya ualimu: Nagyszőlős, ambao leo uko Ukraine, na baadaye Pozsony, ambao leo ni Bratislava, mji mkuu wa Slovakia. Tunamwomba msomaji aiweke miji hii akilini, kwani habari yake itarudi. Mtoto alipanda jukwaani kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11, na miongoni mwa aliyoyapiga siku hiyo ni kipande alichokitunga mwenyewe kuhusu mto Danube.

Kuanzia mwaka 1899 hadi 1903 alisoma katika Chuo cha Muziki cha Budapest, chini ya István Thomán, aliyekuwa mwanafunzi wa Franz Liszt. Mwaka 1907 akawa mwalimu wa piano katika chuo hicho hicho. Jambo moja lililowashangaza wenzake ni kuwa alikataa kufundisha utunzi. Piano alikubali kuifundisha, utunzi hakukubali.

Lililoyageuza maisha yake lilitokea mwaka 1904. Akiwa amekwenda kijijini kufanya kazi kwa utulivu, alimsikia msichana wa kazi aliyeitwa Lidi Dósa, mwenyeji wa Transylvania, akiimba wimbo wa kwao. Bartók aliuandika wimbo ule. Ikumbukwe kuwa wakati huo wasomi wa Budapest waliamini kwamba muziki wa taifa lao ni ule uliokuwa ukipigwa na bendi za Wajipsi mikahawani, muziki ambao Liszt mwenyewe aliutia katika kazi zake. Wimbo wa mtumishi yule haukufanana na muziki wa mikahawani. Mwaka uliofuata Bartók alikutana na Zoltán Kodály, mtunzi mwenzake aliyekuwa tayari ameanza kukusanya nyimbo za wakulima, na wote wawili wakaingia vijijini.

Kazi yenyewe ilikuwa ngumu. Walibeba fonografu, ile mashine inayochonga sauti kwenye silinda ya nta, wakaipandisha kwenye mikokoteni na kuipitisha njia za matope. Mara nyingi wenye nyimbo za zamani walikuwa bibi vizee, na kumshawishi bibi wa kijijini aimbe mbele ya pembe ya mashine ya mgeni wa mjini si jambo la siku moja. Baada ya hapo Bartók alikaa na silinda zake, akaziandika kwa nota hadi mtikisiko mdogo kabisa wa sauti. Watu wa kwetu wanaojua kazi ya kunakili hati za zamani wataelewa tunachosema: ni kazi ya macho, masikio na subira, na malipo yake ni haba.

Angeishia kwa wakulima wa Kihungari, taifa zima lingempigia makofi. Bartók hakuishia hapo. Alijifunza lugha ya Waslovaki, akajifunza na Kiromania, na akakusanya nyimbo za watu hao kwa maelfu. Za Waromania peke yake zilizidi 3,000. Mwezi Machi mwaka 1913, katika eneo la Maramureș, aliukuta miongoni mwa Waromania mtindo wa kuimba ambao haufuati mapigo maalumu: mwimbaji huivuta sauti, huizungusha na kuipamba apendavyo. Miezi michache baadaye alivuka bahari.

Mwezi Juni mwaka 1913 Bartók na mkewe Márta walifika Biskra, mji wa oasisi ulioko ukingoni mwa jangwa la Sahara nchini Algeria, nchi iliyokuwa ikitawaliwa na Wafaransa. Alirekodi Biskra kwenyewe na katika sehemu za jirani, ikiwemo Sidi Okba, mji ambao Waislamu wanaujua kwa kaburi la Uqba bin Nafi. Bila shaka Juni haikuwa chaguo la mtu anayelijua jangwa. Sisi wakaazi wa Muscat, ambako jua la Juni halina mzaha, tunaweza kukisia lililompata: aliugua kwa homa na joto, akalazimika kuikatiza safari. Alikusudia kurudi mwaka 1914 na vita vikamzuia. Hata hivyo alirudi na silinda zake, na uchunguzi wake juu ya muziki wa Waarabu wa Biskra ukachapishwa kwa Kihungari mwaka 1917 na kwa Kijerumani mwaka 1920.

Aliyasikia nini huko? Alisikia filimbi ya mwanzi iitwayo gasba, ngoma ya bendir, na ghaita, ambayo ni ndugu wa zumari letu. Alisikia nyimbo zinazozunguka katika sauti chache tu zilizokaribiana, na ngoma zinazoshikilia pigo moja kwa muda mrefu huku sauti ya juu ikienda zake. Mtu aliyewahi kuiona lewa ikichezwa katika pwani ya Oman, zumari likilia juu ya ngoma na ndani ya nyimbo zake mkisikika maneno ya Kiswahili yaliyovuka bahari pamoja na watu wetu, hatapata shida kufahamu kwa nini mgeni yule hakuweza tena kuandika muziki kama zamani. Mambo ya Biskra yanasikika katika kazi kadhaa alizoziandika baada ya safari ile, hususan sehemu ya tatu ya mfululizo wake wa piano wa mwaka 1916 na sehemu ya kati ya kazi yake ya pili kwa fidla mbili, viola na selo, aliyoimaliza mwaka 1917.

Hivyo tunafika mwaka 1918. Bartók hakupelekwa vitani kwa sababu ya udhaifu wa mwili, badala yake alipewa kazi ya kukusanya nyimbo za askari. Safari za kwenda kwa Waromania na Waslovaki zilikuwa zikifungika moja baada ya nyingine. Mwezi Mei opera yake pekee, Ngome ya Bluebeard, ilionyeshwa Budapest kwa mara ya kwanza, miaka saba baada ya kuitunga. Vuli ya mwaka huo aliugua ile homa ya Kihispania iliyoua mamilioni ya watu duniani. Mwisho wa mwaka dola ya Austria na Hungary ilikuwa imevunjika. Mazoezi Matatu yalizaliwa katika mwaka wa namna hiyo.

Inafaa tuseme neno kuhusu mazoezi ya piano kwa jumla. Zamani yalikuwa ni mambo ya darasani tu: mwanafunzi anapewa kipande cha kuvitia vidole nguvu na wepesi, na hakuna anayetaka kukisikiliza zaidi ya mwalimu wake. Chopin, yule Mpolandi aliyehamia Paris, ndiye aliyeonyesha katika karne ya 19 kuwa zoezi linaweza kuwa muziki kamili huku likibaki zoezi. Mfaransa Debussy aliandika yake 12 mwaka 1915, akafariki Machi 1918. Bartók alikuwa akiwafahamu wote wawili vizuri. Aliandika matatu tu, lakini katika hayo matatu aliubana ugumu mwingi mno.

Katika zoezi la kwanza mkono wenyewe ndio unaotiwa majaribuni. Kwa kawaida mkono wa mpiga piano hutanuka vibao vyeupe vinane, na umbali huo ndio unaoitwa oktavo. Bartók anadai vibao tisa na kumi, na anavidai katika mbio: mikono yote miwili inatanuka na kukunjwa, inatanuka na kukunjwa, kwa kasi, bila ya nafasi ya kuvuta pumzi. Mwenye mkono mdogo anaumia. Mwenye mkono mkubwa naye anaumia, kwa sababu mkono mkubwa hukunjika kwa shida. Msikilizaji asiyejua yote haya husikia kitu kama mashine nzito inayotembea, na wapo wanaodhani kuwa ni kelele. Tunawanasihi waisikilize mara ya pili na kufuatia jinsi sauti chache zilezile zinavyorudi na kurudi. Kwa masikio yetu, mtu aliyekaa Biskra akisikiliza bendir yumo ndani ya mbio hizo, ingawa hakuna wimbo wowote wa Biskra uliotiwa humo.

Zoezi la pili ni la polepole kwa jina, lakini vidole havipumziki. Mkono unatupa mawimbi ya sauti yanayopanda na kushuka piano nzima, na juu ya mawimbi hayo wimbo mzito unapita taratibu. Wengi wanamsikia Debussy hapa, na huenda ndivyo. Sisi tunalipenda zaidi hili kuliko mengine mawili. Mtu akitaka kuanza kuyasikiliza, aanze nalo.

La tatu ni la ujanja. Mkono wa kushoto unakimbia kwa nota ndogondogo, wa kulia unadonoa hapa na pale, na hesabu ya mapigo inabadilika karibu kila hatua. Ukitaka kulifuata kwa kupiga mguu chini utapotea. Wapenzi wa ngoma za kwetu, waliozoea mapigo mawili au matatu tofauti kwenda kwa wakati mmoja, huenda wakalielewa haraka zaidi kuliko watu waliofundishwa kuhesabu moja mbili tatu nne.

Bartók mwenyewe aliyapiga hadharani kwa mara ya kwanza mjini Budapest mwaka 1919, na mwaka 1920 yakachapishwa Vienna. Hayakuwahi kuwa vipande vya kupendwa na wengi. Hata leo wapiga piano mashuhuri waliorekodi kazi zake nyingine wengi wao huyakwepa. Miongo mingi baadaye György Ligeti, Mhungari mwingine aliyeikimbia nchi yake, naye mwezi Desemba 1956, alianza mwaka 1985 kuandika mfululizo wa mazoezi ya piano magumu kupindukia, na wanaoujua muziki huo wanakiri kuwa njia ilifunguliwa na matatu haya.

Mwaka uleule wa 1920, tarehe 4 Juni, mkataba wa Trianon ulitiwa saini na Hungary ikapoteza takriban theluthi mbili ya ardhi yake. Sasa msomaji airejee ile miji tuliyomwomba aikumbuke. Mji aliozaliwa Bartók ulikwenda Romania. Mji alioanzia kupanda jukwaani ulikwenda Czechoslovakia. Mji aliosomea, ambako mama yake alikuwa bado anaishi, nao ulikwenda Czechoslovakia. Katika muda mfupi kila mahali pa utoto wake pakawa nchi ya nje, na wale wakulima aliokuwa akiwatembelea kwa mkokoteni wakawa raia wa dola zilizohasimiana na yake.

Katika hali hiyo, wakati nchi nzima ikiomboleza ardhi iliyopotea, yalitoka maandishi yake kuhusu muziki wa Waromania. Magazeti ya Budapest yalimshambulia kuwa ni mtu asiye na uzalendo. Alijibu kwa utulivu kuwa alichoandika ni elimu. Kichekesho chenye uchungu ni kwamba katika miaka ya 1930 wapo wasomi wa Romania waliomshambulia pia, safari hii kwa madai kuwa anawatumikia Wahungari. Mtu aliyehifadhi nyimbo zao zaidi ya 3,000! Sisi tuliotoka katika nchi ambazo watu huulizwa kabila na asili kabla ya kuulizwa jina tunayajua mambo haya bila ya kusimuliwa.

Tuyapite kwa haraka ya nyumbani: ndoa yake na Márta, aliyezaa naye mwana aliyeitwa Béla kama baba yake, ilivunjika mwaka 1923. Mwaka huohuo akamuoa mwanafunzi wake Ditta Pásztory, na mwaka 1924 akazaliwa Péter. Baadhi ya vipande vyepesi alivyoviandika kwa ajili ya kumfundisha Péter viliingia katika Mikrokosmos, mkusanyiko wa vipande 153 katika vitabu sita, unaoanza na mtoto asiyejua kitu na kumalizikia kwa mpiga piano wa jukwaani. Tunaitaja kwa sababu mtu aliyeandika Mazoezi Matatu, ambayo hata mabingwa yanawashinda, aliweza pia kuinama chini akamfundisha mtoto kidole kwa kidole.

Mwaka 1932 Bartók alirudi katika nchi za Kiarabu. Kuanzia mwezi Machi mwaka huo ulifanyika Cairo, chini ya uangalizi wa Mfalme Fuad, mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu. Vilikuja vikundi kutoka Iraq, Syria, Morocco, Algeria na Tunisia, mbali na wenyeji Wamisri. Walikuja pia wataalamu wa Ulaya, na Bartók akawekwa katika kamati ya kurekodi. Mwimbaji wa Iraq, Muhammad al-Qubanchi, aliwavutia wengi. Bartók aliona uhusiano baina ya uimbaji wa Kiarabu usiofungwa na mapigo na ule aliousikia kwa Waromania wa Maramureș.

Ubishi mkali wa Cairo ulihusu piano. Wamisri wengi waliotaka maendeleo walitaka chombo hicho kikubaliwe katika muziki wa Kiarabu, na zilikuwapo hata piano zilizotengenezwa kwa makusudi ziweze kutoa zile sauti za katikati ambazo piano ya kawaida haina. Wataalamu kadhaa wa Kizungu walipinga, wakihofia kuwa piano ingeua maqam. Kila upande ulikuwa na hoja. Mmisri hakutaka kuambiwa na Mzungu abaki na ya kale, na Mzungu aliyependa muziki ule hakutaka kuuona ukigeuzwa kuwa nakala ya Ulaya. Bartók, mpiga piano, moyo wake siku zote ulikuwa kwa waimbaji wa vijijini, ingawa hakuna aliyeishi kwa chombo hicho zaidi yake.

Kwetu Zanzibar habari ya Cairo ina mizizi yake. Taarab yetu, kwa mujibu wa masimulizi yanayojulikana na wengi, ilitiwa nguvu na Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, kwa kumpeleka Mohamed Ibrahim kujifunza Misri. Na mwaka 1928, miaka minne kabla ya mkutano huo, Siti binti Saad, mtu wa rika moja na Bartók, alisafirishwa hadi Bombay na sauti yake ikarekodiwa kwenye santuri kwa Kiswahili. Katika vikundi vilivyorekodiwa Cairo, hata hivyo, hakikuwamo cha Zanzibar wala cha Oman. Tunaliona hilo kuwa ni hasara ya mkutano.

Oman ilisubiri hadi mwaka 1983 kilipoanzishwa Kituo cha Muziki wa Asili cha Oman, chini ya Sultan Qaboos, na watu wakatumwa mikoa yote na vyombo vya kurekodi, kuanzia milimani hadi baharini. Mwaka 1985 ikaundwa okestra ya kifalme ya vijana wa Kiomani, na mwaka 2011 ikafunguliwa Nyumba ya Opera hapa Muscat. Wapo waliodhani kuwa okestra na kituo ni mambo mawili yanayogombana. Bartók angewashangaa, kwani yeye mchana alikuwa chuoni na piano na usiku kwenye nta zake.

Alifanya safari moja zaidi ya kukusanya, mwaka 1936, kwa wafugaji wa kusini mwa Uturuki, akifuatana na mtunzi Ahmed Adnan Saygun. Ikawa ya mwisho. Ulaya ilikuwa ikiingia gizani. Mwaka 1937 alikataza matangazo ya maonyesho yake kurushwa kwa redio za Ujerumani na Italia. Mwaka 1938, Hitler alipoimeza Austria, kampuni iliyokuwa ikichapa kazi zake huko Vienna iliangukia mikononi mwa Wanazi. Watunzi walipelekewa fomu ya kuulizwa kama damu yao ni safi. Bartók hakuwa Myahudi, fomu ile isingemdhuru. Hakuijaza. Alizihamishia kazi zake London.

Kilichokuwa kikimzuia kuondoka ni mama yake. Bi Paula alifariki mwezi Desemba 1939. Tarehe 8 Oktoba 1940 Bartók na Ditta walipiga onyesho la kuaga mjini Budapest, na siku chache baadaye wakaondoka. Kabla ya kuondoka aliandika wasia. Wakati huo katika Budapest palikuwa na viwanja viwili vilivyopewa majina ya Hitler na Mussolini. Aliagiza kuwa maadamu majina hayo yapo nchini Hungary, pasiitwe kwa jina lake mtaa, uwanja wala jengo lolote la umma. Alipoandika hayo alikuwa na miaka 59, na afya yake haikuwa nzuri.

Waliingia New York tarehe 30 Oktoba 1940. Chuo Kikuu cha Columbia kilimpa shahada ya heshima na baadaye kazi ya muda: kuziandika kwa nota nyimbo za Waserbia na Wakroatia zilizorekodiwa Yugoslavia na Mmarekani Milman Parry. Yaani hata Amerika alirudi kwenye silika yake ileile, kukaa na sauti za wakulima wa mbali. Maonyesho yalikuwa machache na watu hawakumjua. Péter alifanikiwa kuungana nao mwaka 1942. Mwana mkubwa, Béla, alibaki Hungary. Mara ya mwisho Bartók kupiga piano hadharani ilikuwa Januari 1943. Mwezi uliofuata alianza mihadhara Chuo Kikuu cha Harvard, akaanguka kwa maradhi kabla ya kuimaliza. Uzito wake ulishuka hadi kiasi cha kilo 40.

Husemwa kuwa alikufa kwa njaa New York. Si kweli, na haifai kuendelea kusemwa. Chama cha watunzi cha Marekani kilimlipia matibabu, na rafiki zake wawili Wahungari, Joseph Szigeti na Fritz Reiner, walimwendea kwa siri kiongozi wa okestra ya Boston, Serge Koussevitzky, ili ampe kazi ya kutunga, wakijua kuwa sadaka asingeipokea. Kazi hiyo, Konseto kwa Okestra, aliimaliza mwezi Oktoba 1943 na ikapigwa Boston tarehe 1 Desemba 1944. Mwenyewe alikuwapo, na ukumbi ulimshangilia. Leo inapigwa kila pembe ya dunia. Kilichomuua ni saratani ya damu, tarehe 26 Septemba 1945, vita vikiwa vimekwisha na njia ya kurudi ikianza kufunguka. Alikuwa akikimbizana na konseto ya tatu ya piano kwa ajili ya Ditta. Zilibaki hatua 17 za mwisho, na zikakamilishwa na rafiki yake Tibor Serly.

Waliohudhuria maziko yake katika makaburi ya Ferncliff, nje ya New York, walikuwa kiasi cha watu kumi. Alilala huko miaka zaidi ya 40. Mwaka 1988, kwa ridhaa ya wanawe wawili, jeneza lake lilipakiwa kwenye meli likavushwa Atlantiki hadi Uingereza, kisha likapitishwa kwa gari nchi baada ya nchi, na tarehe 7 Julai akazikwa upya katika makaburi ya Farkasrét, Budapest. Vile viwanja viwili vilikuwa vimeshabadilishwa majina zamani.